Baba Yupo, Ametoka Kidogo

Kasapa, Lubumbashi
11 Februari 2024

Mjomba Séverin,

Nakuambia mapema kwamba sote tuko hai, ili usisome barua hii ukiwa umesimama. Dada yako Agnès, mama yangu, goti bado linamsumbua, lakini mdomo wake haujambo, anagombana na wauza majani ya sombe kama zamani. Mkeo, Mama Abi, anakusalimu. Nyumba yako ya Hewa Bora bado imesimama, ila bati la jikoni linavuja. Barua hii nimempa Nono wa lori la saruji, kwa sababu huko uliko simu haishiki na Nono peke yake ndiye anayefika.

Sasa jambo lenyewe. Niko mwaka wa mwisho hapa chuo kikuu. Ili nipate digrii lazima nifanye utafiti, niuandike, kisha niutetee mbele ya walimu mwishoni mwa Novemba. Nikishindwa, narudia mwaka mzima, na unajua mama aliuza cherehani yake ili niumalize huu.

Nimechagua kuchunguza hivi: baba akienda mbali kutafuta kazi, je, watoto wake huacha shule zaidi kuliko watoto ambao baba yao yuko nyumbani? Nachunguza mtaa wenu wa Hewa Bora. Kuna vitu viwili ninavyopima, na tunaviita vigeu kwa sababu vinabadilika kutoka nyumba moja hadi nyingine. Cha kwanza ni baba kuwepo au kutokuwepo. Hicho ni kigeu huru. Cha pili ni mtoto kubaki shuleni au kuacha. Hicho ni kigeu tegemezi, maana tunadhani kinategemea kile cha kwanza. Wenzangu watapita nyumba kwa nyumba na maswali. Mimi siruhusiwi kuuliza nyumba za ndugu zangu, kwa hiyo nyumba za avenyu yenu ataziuliza rafiki yangu Jeanne.

Kwako naomba msaada mmoja. Nimefunga humu maswali machache kwa akina baba walio mbali. Yajibu tu jinsi unavyozungumza. Usiliruke la saba, linalouliza kwa nini hujarudi.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Keren

*

Kambini, ng'ambo ya Mitwaba
30 Machi 2024

Keren, mpwa wangu mwenye vigeu,

Kesho ni Pasaka na hapa hakuna padre, kuna mpishi tu, naye anajua kupika kitu kimoja. Mwambie dada yangu goti alikande kwa maji ya moto na aache kupanda vilima kufuata sombe ya bei nafuu. Mimi niko mzima. Mgongo unalia asubuhi, mchana unazoea, jioni hauna tena sauti.

Unajua tunafanya nini huku? Tunajenga daraja. Mto unalibomoa kila mvua ikinyesha, nasi tunaanza upya. Mhandisi anasema tatizo ni mvua isiyo ya kawaida. Huu ni msimu wa tatu wa mvua isiyo ya kawaida. Naye amesoma, Keren, amesoma kuliko wewe, ana kofia nyeupe na gari lenye kiyoyozi.

Ndiyo maana niliposoma barua yako nilicheka hadi wenzangu wakaniuliza kama nimepata urithi. Nikawasomea. Mzee mmoja wa Kabalo anayechanganya zege pamoja nami akasema: "Kwa hiyo Séverin, wewe unaamka kwa filimbi, unakula kwa filimbi, unalala kwa filimbi, halafu kumbe ni kigeu huru!" Tangu siku hiyo hawaniiti tena kwa jina langu. "Huru, leta mchanga." "Huru, shika ndoo." Asante kwa zawadi hiyo.

Unahitaji chuo kikuu ili ujue kwamba baba akiondoka nyumba inayumba? Ungeniuliza mimi, ningekuambia bure, nawe ungeenda kulala. Lakini najua walimu wenu hawali kitu kisichopitia kwenye karatasi.

Maswali nimeyajibu. Umri: mkubwa. Shule: niliishia darasa la sita. Miaka mbali na nyumbani: minne. Kazi: nabeba mawe, nachanganya zege. La saba sijalijibu, limeandikwa vibaya. Linaniuliza kwa nini sirudi, kana kwamba mtu yeyote amewahi kuniita.

Binti yangu Abigaëlle yuko darasa gani sasa? Umetaja goti, umetaja bati, yeye hukumtaja.

Mjomba wako, Huru

*

Kasapa
2 Juni 2024

Mjomba,

Barua yako ya Pasaka imenifikia katikati ya Mei, imelowa pembe zote. Nono anasema lori lilikwama wiki mbili kwenye tope na akalala juu ya mifuko. Mama amepunguza vilima, hajapunguza ugomvi. Mama Abi hajambo, anauza makala yake, mikono imejaa mkaa, na akina mama wa shirika pale parokiani wamemchagua tena awe kiongozi wao. Wote wanakusalimu.

Kazi ya kuuliza imekwisha na matokeo yametoka. Hakuna tofauti. Watoto wenye baba na watoto wasio na baba nyumbani wanasoma sawasawa. Profesa alifurahi, akagonga meza. "Matokeo safi, Keren. Kutokuwepo kwa baba hakuna athari. Andika hivyo, funga, tetea."

Mimi sikufurahi. Karibu nyumba zote zilisema baba yupo. Hewa Bora, mjomba! Mtaa ambao nusu ya wanaume wako Kolwezi, wako Kasumbalesa, wako huko kwenu. Nikaketi kupitia karatasi moja moja. Nikafika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, mama anauza makala, ni kiongozi wa akina mama wa shirika. Mahali pa kigeu huru Jeanne ameandika: baba yupo. Pembeni akaongeza: ametoka kidogo.

Mjomba, ulirudi lini bila kutuletea hata salamu?

Nilikwenda kwa Mama Abi kama ndugu, bila karatasi. Nikamwuliza, "Mama, ulimwambia Jeanne baba yupo?"

Akanijibu, "Sasa mi ningemwambia nini? Mutoto wa watu amesimama pa mulango na makaratasi, sijue nani amemutuma, nimwambie humu ndani hamuna mwanaume? Kesho wakuje watuibe?"

"Lakini ni miaka minne, mama."

"Basi ametoka kidogo ya miaka mine."

Kisha akanionyesha. Kiti chako kiko pale pale karibu na dirisha, hakuna anayekikalia. Viatu vyako vyeusi viko mlangoni, upande wa nje, ili anayepita avione. Kila Jumamosi anavipaka rangi. "Zunguka avenyu yote," akasema, "uhesabu viatu pa milango. Hakuna mwanamke hapa anamwambiaka mugeni kama bwana hayuko."

Nilizunguka. Ni kweli. Utafiti wangu umepima viatu.

Keren

*

Kambini
21 Julai 2024

Keren,

Baridi ya huku inakata masikio. Maji yamepungua, daraja limesimama, na mhandisi anapigwa picha mbele yake kwa haraka kabla mvua haijarudi. Msalimie mama yako.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika kwa profesa anayegonga meza, nacheka. Huyu ndiye anayewafundisha? Mtu ameishi mjini miaka yote hiyo, na hajui kwamba mwanamke mwenye akili hamwambii mgeni mlangoni mumewe hayupo? Mke wake mwenyewe anasemaje yeye akiwa safarini? Muulize. La, usimuulize, utarudia mwaka.

Nanyi wanafunzi ni vilevile. Mmekwenda na kalamu mpya, mmeuliza swali la kipumbavu, mmepewa jibu la heshima, mmeliandika.

Sasa nisikilize. Mama Abi hajakosea. Amelinda nyumba. Viatu hivyo vilikuwa vinanibana hata nilipokuwa hapo, na sikujua kwamba bado viko. Usiende tena kwake na mambo haya. Uliwahi kuniambia kwamba mwishoni mwa kitabu chenu kuna mahali mnaandika mipaka ya utafiti, mnakiri ambayo hamkuweza. Basi andika hapo mistari miwili, kwamba huenda baadhi ya akina mama hawakusema yote. Profesa afurahi, wewe upate digrii, nyumba yangu ibaki na mlango umefungwa. Kila mtu anapata chake.

Umeandika barua ndefu kuhusu viatu. Kuhusu Abigaëlle, hakuna kitu. Nakuuliza mara ya pili: yuko darasa gani?

Séverin

*

Kasapa
25 Agosti 2024

Mjomba Séverin,

Mama amepona goti, sasa ni kiwiko. Mama Abi hajambo. Bati la jikoni limezibwa na jirani, kwa lami. Salamu zimekwisha, kwa sababu nimekasirika.

Wewe na profesa mngekuwa marafiki wakubwa. Naye aliniambia maneno yako yale yale: "Weka mistari miwili kwenye mipaka, tusonge mbele." Nimemjibu kwa adabu. Wewe nakujibu bila adabu nyingi, kwa kuwa ni mjomba wangu. Mipaka ya utafiti si shimo la takataka. Unaandika pale kile ambacho hukuweza kukifikia: nyumba uliyokuta imefungwa, mtaa ulioshindwa kuingia kwa sababu ya mvua. Huandiki pale kitu unachokijua kuwa ni uongo, halafu juu yake ukaacha matokeo yaleyale yakisema akina baba wakiondoka hakuna kinachoharibika. Unajua nani atasoma hayo? Kuna siku mkubwa mmoja atayachukua na kusema, mnaona, hata wasomi wamepima, wapelekeni wanaume popote, kaeni nao miaka kumi, watoto hawadhuriki. Mhandisi wako mwenye kofia nyeupe atayapenda sana.

Nimeamua kuwauliza upya. Profesa ameniambia nikichelewa Novemba shauri yangu, narudia mwaka. Mama nimeshamwambia. Alitazama pale cherehani ilipokuwa, akasema niendelee.

Ila nimekwama. Akina mama wa avenyu yenu hawasemi kitu bila kumtazama Mama Abi, ndiye kiongozi wao. Akisema, nao watasema. Nikamwendea. Akaniambia, "Neno lile ni la kulinda nyumba ya bwana wangu. Yeye mwenyewe akinituma neno kwamba niliache, nitaliacha. Wewe huwezi." Kwa hiyo naomba mstari mmoja kutoka kwako. Mwambie anaweza kusema ukweli kwa Jeanne. Bila mstari huo sina utafiti.

Kuhusu swali lako uliloniuliza mara mbili. Jibu lake liko kwenye karatasi za nyumba yako, na niliapa kwamba sitatoa nje jibu la nyumba yoyote, hata kwa ndugu, hata kwa mwenye nyumba. La viatu nilikosea kukuandikia, sirudii. Mwulize anayestahili kukuambia. Na ukiwa na akili ninayoijua, jiulize kwa nini habari njema ingehitaji kufichwa.

Keren

*

Kasapa
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Mama anakusalimu, nami pia.

Nono anaapa kwamba barua ya Agosti alikupa mkononi, ukiwa umesimama majini hadi kiunoni, na kwamba uliisoma hapo hapo, ukaiweka ndani ya kofia. Wiki sita zimepita. Shule zimefunguliwa. Jeanne amerudi Hewa Bora mara mbili na akina mama wamempa maji ya kunywa, wamemsifia nywele, wakamwambia baba yupo.

Mtu asipojibu swali, kwenye karatasi zetu hatuachi nafasi wazi. Tunaandika 99. Maana yake: aliulizwa, alisikia, hakujibu. Nimeweka 99 mbele ya jina lako.

Umenicheka tangu Machi. Umemcheka profesa, umemcheka mhandisi, umecheka maswali yangu. Ni rahisi kucheka ukiwa mbali, hakuna anayekuona usoni.

Keren

*

Hewa Bora, Lubumbashi
10 Novemba 2024

Keren,

Barua hii haikupanda lori. Tuko mji mmoja, ningeweza kuja Kasapa kwa miguu, lakini mambo haya siwezi kuyasema nikiwa nakutazama, na nimeshazoea kukutukana kwa kalamu.

Nilipopata barua yako ya 99 mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka na daraja limekwenda nayo. Mhandisi alipaza sauti: "Mvua isiyo ya kawaida!" Wenzangu wakaokota ndoo. Mimi nikamwambia mzee wa Kabalo, "Mimi kwenye mto huu sijengi tena." Akasema, "Huru ameamua kuwa huru," akanipa sabuni yake, maana yangu ilikuwa imekwisha. Nikapanda kwa Nono, juu ya mapipa matupu.

Nilifika Jumanne, saa nne asubuhi. Avenyu ilikuwa kimya, watoto wako shuleni, akina mama wako sokoni. Nikatembea nikitazama milango. Uliandika kweli. Viatu, viatu, viatu. Kuna viatu pale vya wanaume ambao mimi mwenyewe najua walishakufa Kolwezi. Nikauona mlango wa buluu, na viatu vyangu vinang'aa kama vya mtu anayekwenda kuoa. Vile nilivyovaa vilikuwa vimefungwa kwa waya.

Nilibisha. Sikusema jina, nilikuwa natafuta namna ya kulisema. Mlango haukufunguka. Ndani nikasikia mchi unasimama kutwanga, kisha sauti ya msichana, sauti nzito kidogo ambayo siijui, ikanijibu kupitia mbao:

"Baba iko. Ametoka kidogo. Rudia mangaribi."

Nikasimama pale na mfuko wangu. Miaka minne nimejiambia kwamba nyumba hii imenisahau, ndiyo maana haiiti, na kila siku ilikuwa inamwambia mgeni kwamba niko karibu. Sasa mgeni ndiye mimi. Kisha nikakumbuka kwamba ni Jumanne, saa nne asubuhi, na yuko nyumbani anatwanga. Hapo nikapata vigeu vyako vyote viwili, huru na tegemezi, kwa pumzi moja, bila karatasi.

Nikamwambia, "Abi, fungua. Nimerudi kutoka kule kidogo."

Hakufungua. Akaniuliza jina la nyanya yake wa Kabalo, na goti gani la shangazi Agnès lilikuwa linauma. Mtoto anachunguza kuliko nyinyi! Nikasema la kushoto. Akafungua kidogo, akanitazama miguuni kwanza. Akasema, "Umepungua." Akarudi kwenye kinu chake. Mpaka leo hajaniambia neno refu kuliko hilo.

Mama Abi alirudi mchana. Hakulia, hakupiga kelele. Alikitazama kiti, nikiwa nimekikalia, akasema, "Kumbe kinakutosha bado." Usiku akanieleza. Abigaëlle aliacha akiwa darasa la sita, mwaka wa pili nilipokuwa sipo. Hakuna aliyemfukuza. Mama yake alikuwa anatoka alfajiri kufuata makala, wadogo wanahitaji mtu, akabaki siku moja, akabaki wiki. Nilimwuliza mke wangu kwa nini hakuniandikia. Akasema, "Nami nikuulize kwa nini hukurudi?" Tukakaa hapo, yeye na swali lake, mimi na langu. Hatukuweka 99, tuliacha nafasi wazi.

Mstari wako nilimwambia kwa mdomo: mwambie Jeanne ukweli. Akasema, "Sasa ndiyo unaniruhusu, ukiwa umesharudi?" Mambo ya wanawake hayafuati hesabu.

Jeanne alikuja Ijumaa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naoga. Nikasikia anauliza, na Mama Abi, bila hata kufikiri, anamjibu, "Baba iko." Jeanne akacheka kwa upole wa watu waliosoma, akasema, "Mama, leo tunaomba ule ukweli wenyewe." Mama Abi akasema, "Njo ukweli, iko kweli!" Jeanne akasema ndiyo mama, akaandika, nikajua ameandika hayupo. Ikabidi nitoke na taulo, sabuni masikioni. Jeanne akanitazama, akatazama viatu, akatazama karatasi yake. Akaniuliza kama mimi ni baba au ni shemeji. Nikamwambia, "Dada, wasomi mkipima hivi, ndiyo maana daraja halisimami."

Lakini baadaye Mama Abi alikaa naye kwenye mkeka, akamwambia yote, miaka minne, Abi, alfajiri za makala. Majirani walisikiliza juu ya ukuta. Jumamosi walianza kuja wenyewe. Jeanne anasema amejaza karatasi nyingi kuliko miezi yote. Umebaki na wiki kama tatu. Sijui kama zitakutosha. Profesa akigonga meza, mwache agonge, ni meza ya chuo.

Sasa swali la saba. Andika hivi, usirembe. Nilisema ningerudi baada ya kiangazi kimoja nikiwa na kitu mkononi. Sikuwa na kitu. Mtu akichelewa mwezi mmoja ana la kusema mlangoni. Akichelewa mwaka analitafuta. Ikifika minne anaanza kuwacheka watu wote, kwa sababu hiyo tu ndiyo sauti inayotoka.

Na mahali pa mipaka ya utafiti, uniwekee mimi: baba huyu alikutwa nyumbani, lakini mtafiti hakuweza kujua atakaa hadi lini. Hata mimi sijui. Kazi ya kupakia mifuko Kamalondo nimeiuliza, wameniambia nirudi Alhamisi.

Sista mkuu wa shule amekubali kumpokea Abigaëlle, ila arudie darasa la sita, na Abi amemwambia mama yake kwamba hatakaa dawati moja na vitoto vya miaka kumi na moja. Kesho Jumatatu nitamsindikiza. Akikataa kuingia, nitaingia kwanza mimi, maana nami niliishia hapo hapo, tuko darasa moja. Nimemwambia hivyo. Jioni hii nimemkuta anatafuta kalamu mbili.

Mjomba wako, aliye nyumbani,
Séverin